Magnolia ipi kwa kazi ipi: rangi, nyuzi na tabia ya mbao za aina tano

Fundi anayeulizia mbao za magnolia kwa kawaida huanza na nyuzi: ipi ina michoro mizuri zaidi? Kwa magnolia swali hilo halimfikishi mbali. Nyuzi za karibu aina zote zimenyooka na chembe zake ni laini. Ukiweka mezani vipande vyeupe vya aina tatu za Marekani, vimepigwa randa na kusuguliwa kwa msasa namba 220, hata mzoefu atasita kuvitaja kwa jina. Tofauti zenyewe ziko kwenye rangi ya kiini, ugumu, na namna ubao unavyocheza unyevu wa hewa unapopanda na kushuka. Kwa hiyo amua kwanza rangi unayoitaka, kisha namna gogo litakavyopasuliwa, ndipo uulize jina la mti.

Aina tunazolinganisha ni tano. Magnolia grandiflora ni mti mkubwa usiopukutisha majani, wa kusini-mashariki mwa Marekani, kutoka North Carolina hadi Texas. Magnolia virginiana huota penye majimaji kandokando ya pwani, kuanzia Long Island hadi Texas. Magnolia acuminata ni ya milima ya Appalachia na Ozark, na kaskazini inafika hadi kusini mwa Ontario, Kanada. Magnolia obovata ni ya Japani, ambako huitwa honoki. Magnolia champaca ni ya India na Kusini-mashariki mwa Asia. Vitabu vya zamani huiandika Michelia champaca. Kuanzia hapa tutaziita kwa majina yao ya pili tu.

Afrika haina magnolia ya asili. Iliyopo kwetu imepandwa kama mti wa mapambo, hivyo fundi wa Afrika Mashariki hukutana nayo pale mti wa bustani unapokatwa, au kwenye kishikio cha kisu cha Kijapani. Aliyeko Marekani yeye huikuta yadi ya mbao, mara nyingi ikiwa na jina lisilo lake. Tutalifikia hilo.

Unachokiona kwa macho na kwa lenzi

Chonga kichwa cha ubao kwa patasi kali sana. Usiutegemee uso ulioachwa na msumeno, maana unga huziba vitundu na huoni kitu. Lowesha kwa tone la maji, halafu tazama kwa lenzi ya kukuza mara 10. Utaona vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa ndani ya kila pete ya mwaka, bila ule mkanda wa vitundu vikubwa unaouona kwenye msaji. Pete inapoishia pana mstari mwembamba uliopauka. Hilo ni tabaka la seli laini ambalo mti huliweka mwishoni mwa msimu wa kukua, na ndilo linalochora karibu kila kitu utakachokiona baadaye usoni mwa ubao. Miale, yaani mistari inayotoka kiinini kwenda kwenye gome, ni myembamba lakini huonekana.

Gogo likipasuliwa ubavuni, pete hulala karibu sambamba na uso wa ubao. Ule mstari uliopauka hujitokeza kama vilele vilivyofuatana, hafifu, visivyopiga kelele. Mti uliokua haraka huwa na vilele vilivyoachana. Uliokua polepole kivulini huwa na vilele vilivyobanana, na ubao wake hupendeza zaidi kwa kazi ndogo. Gogo likipasuliwa kuelekea kiinini, unapata mistari iliyonyooka sambamba toka mwanzo hadi mwisho wa ubao, na miale iliyokatwa ubavu hutoa vidoa vidogo vinavyong'aa ukiugeuza ubao kwenye mwanga. Ni vidogo kweli. Anayetarajia mabaka makubwa kama ya mwaloni atafute mti mwingine.

Nyuzi huacha kunyooka penye panda la mti na kuzunguka vifundo. Hapo ndipo grandiflora ya bustani inapoachana na ya msituni, ingawa ni mti uleule. Ya msituni husukumwa juu na wenzake, ikapoteza matawi ya chini mapema, na gogo lake la chini hutoa mbao safi. Ya bustani hubaki na matawi tangu karibu na ardhi, kwa hiyo kila futi chache kuna kifundo na nyuzi zinazokizunguka. Kwa mkerezaji wa mabakuli hiyo ni neema. Kwa mtu anayetaka mbao ndefu za kabati ni hasara, na asishawishike na unene wa gogo.

Rangi: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Gogo lolote la magnolia lina sehemu mbili. Ya nje ni nyeupe, ndiyo ambayo mti hupandishia maji. Ya katikati ni kiini, kilichokwisha kuacha kazi hiyo na kujaa rangi. Magnolia nyingi za Marekani zina sehemu nyeupe pana, na mbao nyingi unazoziona sokoni zimetoka humo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kama magnolia ni nyeupe au kahawia na wote wakawa sahihi.

Grandiflora: sehemu nyeupe huanzia weupe wa kijivu hadi weupe wa njano. Kiini ni kahawia, kuanzia ya wastani hadi iliyokoza, chenye dalili ya njano au kijani. Kinachoipa sifa ni michirizi: kijani, zambarau iliyoiva, hata nyeusi kabisa, inayokwenda sambamba na nyuzi. Hutokana na madini yaliyojikusanya ndani ya mti. Gogo moja linaweza kuwa nayo tele na jirani yake lisiwe na hata mmoja, kwa hiyo michirizi haiagizwi kwa jina la mti. Nenda ukauone ubao wenyewe, au mwambie muuzaji akupigie picha pande zote mbili ukiwa umeloweshwa maji.

Usichanganye michirizi ya madini na uozo. Bonyeza kwa ukucha au ncha ya msumari: mchirizi wa madini ni mgumu kama ubao unaouzunguka au zaidi, na hufanya kisu cha randa kiwe butu haraka, uozo hudidimia na kutoa nyuzi fupifupi zinazokatika. Mistari myeusi myembamba kama ya kalamu, inayopindapinda na kufunga maeneo yaliyopauka, ni kazi ya kuvu. Inapendeza kwenye bakuli, lakini maana yake ubao umeanza kuliwa. Ukikubali kuutumia, ukaushe mara moja ili kuvu lisimame.

Virginiana: inafanana sana na grandiflora, na viwandani hazitenganishwi kwa uangalifu. Mti wenyewe kwa kawaida ni mwembamba zaidi, hasa upande wa kaskazini, hivyo mbao pana za kiini ni haba.

Acuminata: sehemu nyeupe imepauka, kiini ni kahawia ya njano au ya kijani. Michirizi ya zambarau na nyeusi si sifa yake. Ubao wake huonekana mtulivu, wa rangi moja, na kwa fanicha ambayo umbo ndilo linalotakiwa kuonekana huo ni ubora, wala si upungufu.

Obovata: kiini chake ni kijivu chenye kijani, rangi ya zeituni iliyofifia, na sehemu ya nje ni kijivu cheupe. Hakuna nyingine kati ya hizi tano yenye utulivu huo. Wajapani huitumia kwa ala za panga, vishikio vya visu, mbao za kukatia na meno ya viatu vyao vya mbao, na sababu ni za kiufundi: chembe zake ni sawa kila mahali, hukatika bila kupasuka, na haina utomvu wa kuchafua chuma. Ala hutengenezwa kwa nusu mbili zinazochongwa ndani na kugandishwa kwa gundi ya wali, ili siku ikihitaji kusafishwa iweze kufunguliwa bila kuharibiwa. Kazi hiyo haiwezekani kwa ubao wenye nyuzi zinazogombana. Hata mkaa wake una kazi: hutumika kusugulia vyuma na vyombo vya laka, kwa sababu ile ile ya usawa wa chembe.

Champaca: sehemu nyeupe hutengana waziwazi na kiini, ambacho ni kahawia ya njano hadi zeituni. Ubao wake una mng'ao wa asili zaidi kuliko zile za Marekani. Mbao zinazouzwa Indonesia kwa jina la cempaka hutoka kwa zaidi ya aina moja za jamii hii, na mojawapo ndiyo inayojulikana kwa nyumba za mbao za Minahasa huko Sulawesi Kaskazini. Kwa hiyo ukinunua cempaka, rangi unayoiona kwenye sampuli ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye risiti.

Kuhusu rangi zote hizi, jambo moja lisisahauliwe: mwanga huzibadilisha. Kijani huelekea kahawia, na zambarau hufifia. Kabla ya kujenga kazi nzima juu ya michirizi ya rangi, chukua kipande, kipake vanishi utakayotumia, funika nusu yake kwa karatasi nene na ukiweke dirishani penye jua kwa wiki mbili au tatu. Tofauti utakayoiona unapofunua ndiyo itakayokuwa kwenye kazi yako. Vanishi yenye kinga ya miale ya jua huchelewesha mabadiliko, haiyazuii.

Uzito, ugumu na kucheza kwa ubao

Takwimu hizi ni wastani wa mbao kavu. Ugumu ni nguvu inayohitajika kudidimiza gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake. Kusinyaa ni asilimia ambayo ubao hupungua kutoka ubichi hadi ukavu kamili: "kiini" ni upande wa kuelekea kiinini, "pete" ni upande wa kufuata mzunguko wa pete. Msaji umewekwa ili kukupa kipimo unachokifahamu, na Liriodendron tulipifera, mti wa Marekani unaouzwa kwa jina la poplar, kwa sababu ndiyo inayochanganywa na magnolia sokoni.

| Mti | Kilo kwa mita ya ujazo | Ugumu (niutoni) | Kusinyaa kiini | Kusinyaa pete | Uwiano |
|---|---|---|---|---|---|
| Grandiflora | 560 | 4,540 | 5.4% | 6.6% | 1.2 |
| Virginiana | 545 | 3,600 | 4.7% | 8.3% | 1.8 |
| Acuminata | 530 | 3,110 | 5.2% | 8.8% | 1.7 |
| Liriodendron | 455 | 2,400 | 4.6% | 8.2% | 1.8 |
| Msaji | 655 | 4,740 | 2.6% | 5.3% | 2.0 |

Obovata ni nyepesi kuliko magnolia hizi tatu, karibu kilo 490. Champaca hubadilika sana kulingana na mahali ilipoota na umri wake, hivyo pima ubao ulio mbele yako.

Tazama safu ya mwisho. Uwiano wa grandiflora ni 1.2, maana yake husinyaa karibu sawa pande zote mbili. Ubao hubinuka kama kigae kwa sababu upande mmoja hupungua kuliko mwingine. Pande zikikaribiana, ubao hubaki bapa. Hii ndiyo sifa kubwa ya grandiflora, na ni ajabu kwamba huitwa mti wa masanduku wakati inatulia kuliko ndugu zake. Viwandani imetumika kwa fanicha, milango, fremu, vinia na vipande vya mapazia ya mbao, na kwa mapazia hayo kutobinuka ndiko kunakotakiwa.

Kwenye meza ya kazi hesabu inakuwa hivi. Chukua ubao wa upana wa sentimita 20 uliopasuliwa ubavuni. Penye unyevu wa hewa wa asilimia 75, kama pwani yetu, ubao hutulia ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 14. Ndani ya nyumba yenye kiyoyozi au hita hushuka hadi karibu asilimia 8. Kwa tofauti hiyo ya pointi 6, grandiflora hupungua upana kwa milimita 2.6 hivi, virginiana 3.3, acuminata 3.5. Ukipasua kuelekea kiinini, zote tatu huwa karibu milimita 2. Yaani kwa ubao uliopasuliwa kuelekea kiinini, jina la mti halina tena uzito mkubwa. Kwa ubao wa ubavuni lina uzito sana.

Kwa mlango wa fremu na paneli wa upana huo, acha nafasi ya milimita 2 kila upande ndani ya mfuo kwa acuminata na virginiana, na usitie gundi kwenye kingo za paneli. Fundi anayegandisha paneli ya acuminata pande zote ataikuta imepasuka katikati msimu wa kwanza wa ukavu, na kosa halitakuwa la mti.

Ugumu nao uuangalie kwa kazi. Grandiflora inakaribia msaji, hivyo uso wa meza utavumilia sahani na vikombe. Acuminata huacha alama ya kalamu ukiandikia karatasi moja juu yake. Lakini ugumu usikudanganye kuhusu kudumu. Msaji una mafuta na kemikali zinazofukuza mchwa na kuvu. Magnolia za Marekani hazina kinga ya maana. Nje, zikigusa ardhi, huoza upesi. Kiini cha champaca huvumilia zaidi, ingawa hata hicho kisizikwe ardhini.

Kukausha, ambako nyingi huharibikia

Magnolia mbichi imejaa maji. Kwenye kiini maji hufikia kama asilimia 80 ya uzito wa mti mkavu, na kwenye sehemu nyeupe kama asilimia 104. Mita moja ya ujazo ya grandiflora mbichi ina uzito wa kilo 830 hadi 940, kwa hiyo panga usafiri kwa kipimo hicho na siyo kwa zile 560 za jedwalini.

Hatari ya kwanza ni madoa. Sehemu nyeupe, joto na unyevu vikikutana, kuvu la kibuluu na kijivu huingia ndani ya siku chache, na halitoki kwa randa kwa sababu limezama. Gogo lisikae na gome lake wiki nzima juani likisubiri mashine. Lipasue mapema iwezekanavyo, na siku ile ile lilipokatwa paka vichwa vyake nta ya moto au rangi nzito ya mafuta, mikono miwili. Usipoziba vichwa, maji hukimbilia huko, vichwa vinakauka kabla ya tumbo na nyufa huingia sentimita nyingi ndani.

Panga mbao kivulini penye upepo, juu ya magogo ya kuziinua angalau sentimita 40 toka chini. Tenganisha kila safu kwa vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2, kila baada ya sentimita 40 hadi 50, vikiwa vimepangana wima kimoja juu ya kingine. Kijiti kikihama mstari, ubao ulio juu yake hupinda hapo na kubaki hivyo. Vijiti vyenyewe visiwe vibichi: kijiti kibichi huacha mkanda wa doa unaokatiza ubao mweupe, na doa hilo huonekana hata baada ya vanishi. Weka uzito juu ya rundo. Kwa ubao wa unene wa sentimita 2.5, hesabu miezi kadhaa hadi mwaka kwa kukausha kwa hewa, halafu uingize ndani ya karakana wiki chache kabla ya kazi.

Mkerezaji asiyetaka kungoja mwaka hukereza mara mbili. Bakuli la kipenyo cha sentimita 30 hulichimba likiwa bichi na kuacha ukuta wa sentimita 3, yaani sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Huliweka ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, mbali na upepo, na kulipima uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, hulirudisha kwenye mashine na kulimaliza. Kwa grandiflora bakuli haliendi sana kwenye umbo la yai, kwa sababu ya ule uwiano wa 1.2. Kwa acuminata acha ukuta mnene kidogo zaidi.

Sehemu nyeupe hupendwa pia na bungua. Kwa kazi ya ndani, kuloweka mbao kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki husaidia, lakini dawa hii huoshwa na mvua, hivyo haina kazi kwa ubao utakaokaa nje.

Kwenye karakana

Zote hukatika kwa urahisi kwa zana za mkono na za umeme, na hushika gundi vizuri. Tatizo la kawaida ni manyoya. Acuminata na obovata ni laini, na kisu kilichochoka hakizikati nyuzi, huzikandamiza. Zinainuka baadaye unapopaka rangi ya maji na uso unakuwa kama kitambaa. Noa kisu, punguza kina cha randa kiwe nusu milimita kwa mpigo wa mwisho, na usitumie msasa kuficha kazi mbaya ya randa. Kwa grandiflora yenye michirizi ya madini angalia mstari wa mng'ao au mwinuko mwembamba unaojirudia usoni mwa ubao: kisu kimechoka au kimemeguka hapo.

Msasa: 120, 150, 180, kisha 220. Usiruke namba, kwa sababu kwenye chembe laini kiasi hiki mikwaruzo ya 120 huonekana wazi chini ya rangi nyeusi. Vichwa vya mbao vifikishe 320 ili visinywe rangi na kuwa vyeusi kuliko uso.

Vitundu vidogo vina faida moja kubwa: huhitaji kujaza. Mkono mmoja wa sila, msasa mwepesi, halafu vanishi, na uso unatulia kama kioo, wakati kwa mvule ungekuwa bado unahangaika na vitundu. Ukitaka rangi ya kukoza, sehemu nyeupe na kiini hunywa kwa viwango tofauti, kwa hiyo tanguliza sila iliyopunguzwa nguvu kwa tina, halafu paka rangi. Kwa anayetaka weupe ubaki mweupe, atumie vanishi ya maji. Ya mafuta huupa unjano tangu siku ya kwanza na kuuzidisha kila mwaka.

Unga wa magnolia hauna sifa mbaya, wala mbao kavu hazina harufu ya kusumbua. Barakoa ni ya lazima hata hivyo, kama kwa unga wowote wa mbao.

Iliyouzwa kwa jina la poplar

Acuminata inayoota pamoja na Liriodendron haitenganishwi nayo sokoni Marekani. Rundo lililoandikwa poplar linaweza kuwa na zote mbili. Rangi haisaidii sana, kwa kuwa zote zina weupe wa krimu na kiini chenye kijani, na zote zina ule mstari uliopauka mwishoni mwa pete. Mizani husaidia zaidi: ubao mkavu wa sentimita 2.5 kwa 20, wa urefu wa mita 2, utakuwa na kilo 4.5 hivi ukiwa Liriodendron na 5.3 ukiwa acuminata. Grandiflora itafika 5.6. Pima mbao kadhaa za rundo moja, kwa sababu unyevu na tofauti za mti mmoja mmoja huweza kupoteza alama.

Ukihitaji uhakika, tazama kwa darubini kipande chembamba cha ubavuni. Kwenye kuta za mirija ya maji ya magnolia, ile inayoonekana kama vitundu kichwani mwa ubao, matundu yanayounganisha kimoja na kingine ni marefu, yamelala mlalo yakipandana moja juu ya jingine. Ya Liriodendron ni mafupi na yamekaa kwa jozi, safu kwa safu. Alama hii haibadiliki kwa rangi wala umri wa ubao.

Je, kuchanganywa huko ni hasara? Kwa kabati litakalopakwa rangi nzito, hapana. Chukua rundo lolote na ulipe bei ya poplar. Kwa kiti au droo zinazosuguana, ondoa zile nyepesi na ubaki na nzito.

Kazi kwa kazi

Meza, kabati linaloonyesha ubao wenyewe, milango ya ndani: grandiflora, kwa ugumu wake na kwa kutobinuka. Chagua mbao zote nyeupe au zote za kiini, na ukizichanganya iwe kwa mpango, kwa mfano fremu nyeupe na paneli za kiini chenye michirizi. Mbao zilizochanganywa bila mpango huonekana kama zimekosewa. Virginiana inaingia kazi hizo hizo kama mbadala, ikiwa imepasuliwa kuelekea kiinini.

Nakshi, herufi za kuchonga, vifaa vya kufundishia kuchonga: acuminata au obovata. Patasi hupita pande zote bila kumeguka, na hakuna michoro ya mti inayogombana na ya fundi. Kwa nakshi zenye kingo nyembamba sana chagua obovata. 

Kishikio cha kisu na ala: obovata, wala hakuna haja ya kutafuta nyingine. Haitelezi mkono ukiwa na maji na ni nyepesi, hivyo uzito wa kisu hubaki mbele. Kishikio kisichopakwa chochote hushika uchafu, kwa hiyo kipake mafuta ya kitani mara mbili tatu kabla ya kukitumia jikoni, na kila kinapopauka.

Madirisha na samani za veranda penye joto na mvua: katika tano hizi, kiini cha champaca pekee, chini ya paa, sehemu nyeupe ikiwa imeondolewa yote. Kwa Mtanzania au Mkenya mwenye msaji au mvule karibu, hakuna sababu ya kuagiza champaca kwa kazi hiyo.

Ziko pia magnolia ndogo za misitu ya Marekani, kama Magnolia tripetala, fraseri na macrophylla. Ubao wake unafanya kazi kama wa acuminata, lakini magogo ni madogo na hayafiki sokoni. Mkerezaji akipata moja, alikereze. Magnolia officinalis ya China thamani yake iko kwenye gome, ambalo ni dawa, na mti kuchunwa gome si sababu ya kuununua kwa mbao. Mbao za magnolia za misitu ya Amerika ya Kati na Kusini zisizotajwa aina, ziache. Karibu nusu ya aina za jamii hii duniani zimo hatarini kutoweka, na nyingi za zilizo hatarini zinatoka huko. Muuzaji akishindwa kutaja aina na mahali mti ulipokatwa, nenda kwa mwingine.